Kreti Mlangoni kwa Fundi

Harufu ya pasi ya makaa ikipita juu ya kitambaa kibichi bado inanikasirisha. Wengine huiona tamu. Mimi hunirudisha Makomeno, mtaa wetu wa Lubumbashi, kwenye baraza ya babu yake rafiki yangu Yusufu, fundi cherehani aliyehamia kutoka mkoa wa Maniema akiwa kijana. Hapo ndipo tulipocheza kila alasiri kiangazi kile nilipokuwa darasa la tano, vumbi jekundu likitufika magotini na cherehani ya babu ikinguruma nyuma yetu. Mmoja wetu huuliza neno limetoka wapi, au jambo lolote, wenzake hukimbilia jibu. Meza imetoka wapi? Ureno. Bulangeti je? Kwa Waingereza, likapitia Zambia. Pweza ana mioyo mingapi? Mitatu, na Chola, mtoto wa mchimbaji wa mgodi wa Kipushi, alikataa katakata kwamba kuna kiumbe cha namna hiyo. Aliyejibu kwanza alikalia kreti tupu la bia lililokuwa mlangoni, na wengine tukakaa kwenye saruji. Kreti lile lilikuwa langu karibu kila siku, maana baba yangu alikuwa mwalimu na kwetu chakula cha jioni kilikuja na maswali. Nilijidai, sikatai, na Chola aliumia roho.

Babu hakutuingilia, ila kwa jambo moja. Mtu akisema neno fulani si la kwetu, aliinua uso kutoka kwenye kitambaa: “Kama nkambo yako alikuwa anaisema, iko ya kwetu.” Nkambo zetu, yaani bibi zetu, wote walilala chini ya bulangeti na kula mezani, basi maneno yale yakawa yetu, mjadala ukaisha.

Siku moja mjomba wake Chola alikaa pale akingoja suruali yake ipunguzwe miguu. Alikuwa amekuja kutoka Mitwaba kutafuta kazi na hakuipata. Alitusikiliza, akacheka nasi, kisha akasema naye ana swali.

“Jina ya Kapinga, inatoka wapi?” Alinitazama mimi, maana hilo ndilo jina langu.

Chola na Yusufu waliruka pamoja, lakini Chola akatangulia. “Kasai!”

“Muko na akili,” mjomba akasema. “Basi arudie kwabo. Kazi ya hapa iko ya bana ba hapa.”

Nilimgeukia babu. Wazee wetu walitoka Kasai, lakini bibi yangu alizaliwa katika mji huu na akazikwa katika mji huu, na gauni alilozikwa nalo lilishonwa na mikono ile ile niliyokuwa nikiitazama. Nilingoja aseme neno lake la kila siku. Alinyoosha mguu wa suruali chini ya sindano, akaendelea kushona. Mteja ni mteja, na suruali ilikuwa haijaisha. Chola hakuelewa lolote, maskini, alikuwa anacheka kwa furaha: “Toka, Kapi! Nilishinda!” Nikanyanyuka, nikampa kreti, nikaenda nyumbani. Baba sikumwambia kitu, na baraza ile sikuikanyaga tena.

Sasa sisi ni watu wazima. Ningali Lubumbashi, na wanangu wamezaliwa hapa kama mimi, kama mama yangu. Maneno ya mjomba yule nimeyasikia tena sokoni na kazini, kwa midomo ya watu wanaonisalimia vizuri asubuhi. Chola ametukusanya kwenye kundi la simu, na kila Jumamosi hututumia maswali. Juzi aliandika: “Kapi, unakumbuka siku nilikutosha ku kreti?” akaweka vikaragosi vya kucheka. Kwake ile ni siku aliyonitoa kwenye kreti akashinda, basi. Nilikaa na simu mkononi, nikaandika na kufuta, nikaandika na kufuta. Mwisho nikatuma neno moja: “Nakumbuka.” Yusufu, labda kwa kutuchekesha, akauliza swali letu la zamani, meza imetoka wapi. Wote wakajibu kwa mkupuo, Ureno, Ureno, Ureno. Hakuna aliyeiambia meza irudi kwao.