Mkalimani wa Darasa la Pili

Mwaka ule mkate ulipanda bei, na sisi tuliohamia hapa Greyville tukala viazi vitamu asubuhi na jioni. Katika baridi ya mwezi wa saba mwalimu akaniita shuleni. Kiingereza sikijui, basi mjukuu wangu wa darasa la pili akatafsiri: "Koko, anasema tuache Kiswahili nyumbani, la sivyo nitarudia darasa."

"Mwambie: sitamlea mjukuu wangu kimya."

Akamwambia, wala hakupunguza neno.

Jumatatu iliyofuata akaingia darasani mtoto mgeni kutoka Burundi, anajua Kiswahili ila Kiingereza hakijui, kazi yake kulia tu. Mwalimu akamkalisha karibu na mjukuu wangu amtafsirie masomo. Kufika Ijumaa wote wawili walikuwa wanasoma kwa sauti.

Majirani bado wananishauri nyumbani tuongee Kiingereza. Nawajibu: sitamlea mjukuu wangu kimya.