Vidole vya Mwamuzi

Itangazwe kwa heshima zote: mtukufu mwamuzi wa besiboli ameingia uwanjani, na sisi wa Cincinnati tumeshika chupa tupu za bia, maana ndivyo tunavyowasalimu waamuzi. Zamani alikuwa mdakaji wa timu yetu hii hii, enzi za kudaka kwa mikono mitupu, na vidole vyake vilivunjika hadi kila kimoja kikajichagulia upande wake. Akikuonyesha njia ya baa, unaweza kufika kanisani. Hutafuna tumbaku, hupangusa kibao cha kufungia bao kwa kofia, na akikoroma "umetoka," mchezaji hurudi benchi akitukana. Leo tulibakiza bao moja tu tuwe mabingwa. Finnerty, mrushaji wetu mkongwe, akakimbia na kujitupa kwenye kibao, mdakaji wa wapinzani akamgusa kwa mpira, vumbi likatanda, chupa zikainuliwa.

"Mzee, fikiria wajukuu," muuza soseji alimsihi mwamuzi kwa upole.

"Sema nimefika kabla ya kuguswa, ndugu yangu," Finnerty akanong'ona pale chini. "Vidole hivyo vimepinda kwa kudaka mipira yangu. Umesahau?"

Mwamuzi akatema tumbaku.

"Vidole uliviharibu, Finnerty. Macho uliyaacha. Umetoka."