Mafua Aliyoyadharau Dada

Dada yangu alikatwa titi, akamaliza dawa, nywele zikaota upya, akarudi kijijini Mwakiro, mkoani Muyinga, kulima maharage kama mtu asiyejua hospitali iko wapi. Miaka ikapita. Kila akienda kupimwa aliambiwa hakuna kitu. Sisi tuliokulia kambi za wakimbizi Tanzania tumerudi nyumbani na tabia ya kambini: jirani akiugua, unaingia jikoni kwake bila kuitwa. Homa ikizuka huko kwao, dada ndiye aliyetangulizwa, eti hana cha kuogopa tena. Nikimkemea kwenye simu anacheka.

"Mdogo wangu, mimi kansa imenishindwa, mafua yatanifanya nini?"

Nilikasirika, lakini kusema kweli hata mimi niliamini.

Mvua zilizopita, mtoto wa jirani yake aliwaka homa, na mama mtu naye akaanguka. Dada akahamia kwao, akawapikia uji, akambeba mtoto mgongoni huku mtoto akimkoholea shingoni. Naye akaugua. Homa iliisha, kikohozi kikagoma kuondoka, mpaka nikamlazimisha aje kwangu Gitega, nikampeleka hospitali.

Daktari aliitazama picha ya kifua muda mrefu. Mimi nilikuwa nasubiri aseme nimonia, na maneno ya kumsema dada tukitoka pale nilishayapanga.

"Mama, hii haiko kikohozi ya mafua," akasema. "Iko ile kansa ya titi. Imeingia kwenye mapafu."

Nikamwambia picha si ya dada. Ndiyo, nilimwambia hivyo daktari, tena kwa sauti ya juu, kwamba wamebadilisha picha za watu.

Hakunijibu kwa ukali. Alieleza kwamba baada ya matibabu chembe chache za kansa zinaweza kubaki mwilini, zimelala, hata vipimo visizione. Watafiti wameona kwa panya kwamba virusi vya mafua vikiingia mapafuni, mwili unapopigana navyo, chembe hizo zinaweza kuamka na kuanza kuzaliana. Kwa binadamu bado wanachunguza. Kwa dada hawezi kuapa. Pengine ingerudi hata bila mafua.

Mafua, jamani, kitu tunachokinywea chai ya tangawizi tukaendelea na kazi.

Dada akauliza, "Zikishaamka, zinalazwa tena?"

Daktari akasema dawa zipo, tutajaribu.

Tulipokaa kwenye benchi nje, mimi ndiye niliyelia. Yeye alinishika mkono akaninong'oneza.

"Yule jirani yangu usimwambie haya ya mafua. Atadhani mtoto wake ndiye ameniua."

Nikamwahidi. Sasa yule mama hunipigia kila Jumapili kumuulizia dada, nami nabana meno, namjibu kwamba anaendelea na dawa.