Beberu wa Mama na Utepe wa Fundi

Kikundi chetu cha mbuzi wa maziwa hapa Kanyakine kina desturi moja ambayo hakuna anayeivunja: mabinti wa beberu wakifikia umri wa kupandwa, beberu huyo huondoka asije akawapanda. Mwaka niliorudi kutoka chuoni na stashahada ya afya ya mifugo, zamu hiyo ilimfikia beberu wetu mzee, na nafasi yake ikagombewa na wawili. Wa kwanza alikuwa wa mama yangu, wa aina ya Togenbagi, wa rangi ya kahawia mwenye mistari myeupe usoni, aliyenunuliwa mbali akiwa mdogo na kulelewa kwetu. Wa pili alikuwa Alpaini mweusi ambaye kikundi cha Manyatta, upande wa Embu, kilikuwa tayari kutupa tukiwapa beberu wetu mzee.

Kumtunza beberu wa kikundi ni heshima. Wanachama hukuletea matete ya kumlisha kila asubuhi, na kila jike hupitia langoni pako. Mama aliitamani heshima hiyo kwa miaka mingi bila kuitamka.

Awali wanachama walichagua kwa rangi, ndevu na sauti. Nilisimama mkutanoni nikaeleza kwamba mwili wa mnyama unaweza kusomwa: mzingo wa kifua, nyuma tu ya miguu ya mbele, huonyesha nafasi ya moyo na mapafu; urefu wa mwili kutoka begani hadi nyongani, pamoja na kimo, huonyesha umbo atakalowarithisha watoto wake. Nilisema kipimo hakina shangazi wala jirani. Wakakubali kwamba safari hii vipimo ndivyo vitakavyoamua.

Utepe wa kupimia niliuazima kwa fundi wa nguo, mwanachama wa rika la nyanya yangu. Beberu wa mama nilimpima nyumbani, asubuhi ya baridi, mama akiwa amemshika shingo. Utepe ulizama katika manyoya marefu ya kifuani. Niliuona ukizama, nikaandika sentimita tisini na nne. Sikutafakari zaidi, au, kusema kweli, nilichagua kutotafakari.

Siku ya uamuzi tulikutana katika uwanja wa kanisa. Alpaini alishushwa kutoka kwenye pikapu, manyoya yake mafupi yamelala mwilini. Nilimpima mbele ya wote. Kimo na urefu wa mwili vililingana na vya beberu wa mama, basi kifua ndicho kingeamua. Kilikuwa tisini na mbili. Nilisoma matokeo kwa sauti, na mama akakaza kitambaa chake kichwani.

"Daktari," fundi akaniita kutoka kwenye benchi la nyuma, kwa jina ambalo wanachama wamenibandika. "Mtu akija kwangu kushonewa sare na amevaa sweta, unajua humwambia nini?"

"Avue."

"Na huyu wa kwenu, alivua?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akauliza kama fundi anataka mbuzi anyolewe kanisani.

"Anyolewe kwa nini? Manyoya yafunuliwe tu. Utepe ni wangu, na sijaufundisha uongo."

Beberu wa mama alikuwa amefungwa pale pale kwenye ua. Ningeweza kusema tofauti ni ndogo, na wangeniamini, kwa kuwa mimi ndimi niliyesoma. Nikasema, "Fundi amesema kweli. Niliona utepe ukizama na bado nikaandika. Kosa ni langu, si la kipimo."

Fundi akainama, akayatenga manyoya kwa vidole kama anayetafuta mshono, nami nikapitisha utepe juu ya ngozi. Tisini kamili. Tukamrudia Alpaini kwa njia hiyo hiyo: tisini na moja na nusu. Mikono ikainuliwa, na Alpaini akapelekwa bomani kwa fundi, aliyechaguliwa kumtunza.

Njiani kurudi nyumbani mama alitembea mbele akimvuta beberu wake.

"Kwa hivyo nilikusomesha uje kunivua sweta mbele ya watu."

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Hata mimi niliuona utepe ukizama. Nilinyamaza, nikangoja kuona utafanya nini." Akatembea hatua kadhaa. "Sasa nimeona."

Asubuhi iliyofuata mama alifika kwa fundi kabla ya wanachama wote, mzigo wa matete mgongoni na kamba ya jike wake mkononi. Miezi mitano baadaye jike huyo alizaa pacha. Watu bado huniuliza kama ninaamini vipimo baada ya aibu ile, nami huwajibu kwamba niliviamini hasa siku ile. Pacha hao walipofikia umri wa kuachishwa kunyonya, mama alimshika wa kwanza katikati ya magoti, akanyoosha mkono kupokea ncha ya utepe, na kabla sijasema neno alikuwa ameshaanza kuyafunua manyoya.