Mboga za Mbuzi

Ukitaka kuona watu wazima wenye akili timamu wakipima maharage kwa rula, nenda kwenye kile kiwanda cha kufungasha mboga. Mama Rula alibandikwa jina hilo na wenzake kwa sababu jicho lake halikuhitaji kipimo. Haragwe changa likizidi urefu wanaoutaka wanunuzi wa ng'ambo, analikata; likipinda, analitupa. Limepinda! Kosa lake ni hilo tu. Eti huko ng'ambo kuna mtu litamkwama kooni. Nyoo!

Mboga zilizotupwa zilirundikana hadi kiunoni kila jioni, mbichi, safi kabisa. Bosi, bwana mwenye mkono wa birika, aliamuru zimwagiwe rangi nyekundu inayonuka kama mafuta ya taa, mfanyakazi asije akazila. Zikishapakwa rangi, ruhusa, beba ukalishe mifugo, maana kuzipeleka jalalani kungemgharimu lori. Na watu je? Watu waliwekewa duka lake getini: mkate mweupe, soda, biskuti. Kitu pekee cha kijani mle ndani kilikuwa mlango.

Mume wa Mama Rula alikuwa dereva wa kiwanda hichohicho. Miaka nenda miaka rudi alikula vya duka lile, hadi sukari ikampanda na kidonda mguuni kikagoma kufunga. Daktari hakumficha.

"Mzee, mkate na soda basi. Kula mboga, tena kwa wingi, kila siku. La sivyo mguu huu tutaukata."

Mboga! Sokoni zilikuwa za wenye nazo, kwani mashamba yote ya karibu yalilimiwa kiwanda. Mama Rula akarudi kazini moyo unamchemka, akatazama rundo lile likimwagiwa rangi.

Bahati nzuri msimamizi wao alikuwa mvivu wa kutupwa. Kazi ya kukoroga rangi alimsukumia Mama Rula, yeye akaenda zake kuchezea simu. Jioni ile mama wa watu akabeba bitiruti zilizopasuka, akazimenya ganda lenye rangi, akazichemsha. Asubuhi chupa yake ya chai haikuwa na chai. Unga wa rangi aliumwaga mtaroni, na kwenye ndoo akamimina maji ya bitiruti, mekundu vilevile. Msimamizi alichungulia, akaridhika, kichwa maji yule.

Wanawake wenzake walinusa, wakatazamana, wakajitia hamnazo. Kila mmoja akajaza mfuko. Nyumbani ni kusuuza tu, rangi inatoka, mboga zinaingia sufuriani. Dereva alikula hadi akalalamika kwamba atageuka sungura, lakini kingo za kidonda zikaanza kukutana. Daktari akasema aendelee hivyohivyo.

Ikaja Siku ya Afya kiwandani. Bosi alipanda juu ya kreti, tumbo mbele, akahubiri, "Afya ni uamuzi wako mwenyewe!" Halafu akamgawia kila mtu soda na pakiti ya biskuti. Ptuu!

Wakati wa kutoka alisimama getini kuaga watu, amejaa furaha. Akauona mfuko wa Mama Rula, umevimba, unachuruzika wekundu.

"Mama, mifugo yako inakula! Unao wangapi?"

"Mbuzi mmoja tu, bosi. Ana mguu mbovu, ndiyo kwanza unaanza kupona."

Wenzake waliokuwa nyuma wakatazama chini.

"Mguu mbovu, na wewe unahangaika naye?" Bosi alicheka. "Mchinje, utafute mwingine!"

Jibu lilimfika Mama Rula kwenye meno. Akaikumbuka mifuko iliyojipanga nyuma yake, akalimeza.

"Nitamwambia, bosi."

Bosi alicheka tena, akidhani ni mzaha.

Nyumbani alimsimulia mumewe neno kwa neno. Dereva akautazama mguu wake juu ya kigoda. Kisha akasogeza sahani.

"Niongeze mboga, mke wangu."