Miisho Tuliyotunga Nyuma ya Kioski

Sisi tuliokulia Kitengela wakati wazee bado wanaiita Noonkopir tuna jambo moja la kuwaringia watoto wa leo: tulisoma vitabu visivyokuwa na mwisho, na tukavimaliza. Nikimwambia hivyo binti yangu ananitazama kwa huruma, halafu anarudi kwenye simu yake. Yeye hajawahi kulala bila kujua hadithi iliishaje. Akikwama anaiuliza simu, na simu inamjibu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mji ulikuwa barabara moja, maduka machache ya mabati na uwanda usio na ua. Asubuhi tukienda shule tuliwakuta pundamilia wamesimama karibu na vyoo, na mwalimu wa zamu aliwafukuza kwa kengele. Mvua ikinyesha, udongo mweusi uling'ang'ania viatu mpaka mtu akafika nyumbani akiwa mrefu kuliko alivyotoka. Upepo ukivuma ulileta vumbi la saruji kutoka Athi River, likatua kwenye nguo zilizoanikwa, na akina mama wakafua upya huku wakinung'unika. Jioni tulicheza michezo ya kati na blada hadi tuitwe. Tuliitwa mara moja tu. Aliyeitwa mara ya pili alijua kinachomngoja.

Tulikuwa watatu. Wambui, ambaye mama yake alikuwa na kioski karibu na stendi. Nashipai, wa boma lililokuwa huko uwandani, aliyekuja shule na shanga mkononi, mwalimu akamwambia azivue, naye akasahau kila siku. Na mimi Ndinda, wa nyumba za kupanga, ambaye baba yangu alifanya kazi Magadi kwenye kampuni na kuja nyumbani mwisho wa mwezi.

Sasa, Mama Wambui alikuwa akinunua vitabu vikuukuu kwa kilo, vya kufungia mandazi na omena. Hakuwa na chuki na vitabu, ila karatasi ni karatasi. Na alikuwa na mtindo wake: alichana kuanzia nyuma. Tulimsihi aanzie mbele, akatujibu kwamba mbele kuna picha, na hawezi kufungia omena picha nzuri. Kwa hiyo kila kitabu kilipoteza mwisho kwanza, na ilitubidi tusome kwa kasi kuliko watu walivyokula omena. Kuna hadithi moja tuliyoiacha Ijumaa mtu anabisha hodi. Jumamosi tukakuta hodi imeshakwenda na mandazi ya mtu, na mpaka leo sijui ni nani aliyekuwa mlangoni.

Jumamosi tukishamaliza kufua, tuliketi nyuma ya kioski juu ya kreti za soda, na kila mmoja alitoa mwisho wake. Wambui ndiye aliyeamua, kwa sababu kioski kilikuwa cha kwao. Mwisho alioukubali ndio ukawa wa kweli, na hakuna aliyeruhusiwa kuubishia tena. Hapo tulijadili mambo yaliyotuzidi umri. Kama mtu mbaya anaweza kutunga wimbo mzuri. Kwa nini Mungu amlete mtu duniani ikiwa atamchukua. Kama picha ya ng'ombe inaweza kuwa nzuri kuliko ng'ombe mwenyewe. Hili la mwisho tulimpelekea bibi yake Nashipai siku tulipomtembelea. Tuliinamisha vichwa atuguse, kama desturi ya kwao ilivyo, naye alipotafsiriwa swali letu akacheka mpaka akashika mbavu, akauliza hiyo picha inatoa maziwa kiasi gani.

Nashipai alikuwa akishinda. Alichukua kipande cha mkaa na katoni, akachora mwisho wake huku akiusimulia, na Wambui alibaki akiutazama mkono ule mdomo wazi. Nilimwonea wivu. Si kwa sababu ya michoro. Wambui alikuwa rafiki yangu kwanza, kabla Nashipai hajaletwa darasa letu, na nilitaka anitazame mimi vile, hata mara moja tu. Nilihisi nimeibiwa mchana kweupe na mtu ambaye hata hakujua kwamba ameiba, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana ningemgombeza vipi? Mama aliniona nimevimba akaniambia, "Ndinda, huyo mtoto hajakukosea. Kula." Nilikula nikiwa nimevimba vivyo hivyo.

Tukakua. Nashipai akasomea uchoraji, picha zake zikaanza kutundikwa kwenye hoteli za Nairobi, akahamia Nkoroi. Mimi nikawa mwalimu. Wambui akabaki na kioski cha mama yake, akakigeuza duka, akaolewa na kijana mpole aliyekuwa fundi wa magari. Kisha yule kijana akafa, ghafla, akiwa kazini.

Mwaka uliofuata ulikuwa ule wa ukame mkubwa, mizoga ya ng'ombe imelala kando ya barabara ya Namanga. Jumapili moja tulikutana kwa Wambui, watatu tena baada ya muda mrefu. Alituwekea chai na mandazi, safari hii kwenye sahani. Tulirudia midahalo yetu ya zamani. Nashipai akasema haoni tena maana ya kuchora wakati bomani kwao ng'ombe wanakufa. Mimi nikasema kitabu hakijawahi kumshibisha mtu, lakini na asiyesoma pia anakufa. Nilijisikia nimesema jambo. Wambui alikuwa akizungusha kijiko kwenye kikombe, halafu akaanza kuongea bila kututazama.

"Nyinyi mnaongea mambo ya vitabu. Mimi nilikuwa napika chakula ya watu wawili. Kila jioni naweka sahani yake kwa meza, nafunika, asubuhi namwagia kuku. Hakuna mtu nilikuwa naambia. Halafu siku moja nikakumbuka ile stori ya Nashipai. Ile ya mwanamke bwana yake alienda kutafuta kazi, na yeye anamwekea chakula kila siku, mpaka siku moja anasikia njaa, anakula hiyo sahani. Anashiba. Inaishia hapo." Akamshika Nashipai mkono. "Hiyo jioni nilikula. Ni wewe ulinitoa hapo."

Mwisho ule ulikuwa wangu.

Ulikuwa wangu kuliko kitu chochote nilichowahi kusema. Nyumbani kwetu mama alimwekea baba sahani, akaifunika kwa sahani nyingine, hata siku tulizojua yuko Magadi. Kuna mwezi baba hakuja wala hakutuma neno, na nilimwona mama akiivuta ile sahani na kuila yote, polepole, bila kutuangalia. Sikumwambia mtu. Niliwapa hao wawili tu, kama mwisho wa kile kitabu cha mwanamke anayemngoja mumewe. Siku hiyo Wambui alicheka, akasema kitabu hakiwezi kuishia kwa ugali, akachagua mwisho wa Nashipai, ambamo mume alirudi na mvua. Lakini wiki iliyofuata Nashipai alichora yule mwanamke na sahani yake, na Wambui akakibandika kipande kile cha katoni ukutani kioskini, kikakaa hapo miaka. Hivyo ndivyo sahani ya mama yangu ilivyohamia kwa Nashipai.

Nilimtazama. Alikuwa anakumbuka, niliona. Alifungua mdomo, akaniangalia, kisha akamwangalia Wambui aliyekuwa akilia huku ameushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili, akaufunga mdomo tena.

"Pole, Wambui," akasema.

Nilitaka aseme. Mungu anajua jinsi nilivyotaka. Nilingoja mpaka chai ikapoa, na kila nilipotaka kusema mwenyewe nilimwona Wambui na ule uso wake uliotulia. Kisha Wambui akanigeukia, kwa upole, asije akaonekana kunisahau.

"Na wewe Ndinda, yako iliishaje? Nimejaribu kukumbuka."

"Hata mimi nimesahau," nikasema.

Watoto wa siku hizi hawana shida hii. Hadithi zao zina mwanzo na mwisho, na jina la mwenyewe limeandikwa juu. Mtu akiwaibia hata sentensi moja wanapiga kelele kwenye simu, na kabla chai haijapoa dunia nzima imejua ya nani ni ya nani. Nawacheka kwa hilo, halafu nawaonea wivu. Sisi vyetu havikuwa na jalada, wala mwisho, wala mwenyewe, na nikialikwa kuzungumza na wazazi shuleni ninausifu umaskini ule mpaka wanapiga makofi. Ila nikirudi nyumbani, saa ya chakula cha jioni, humfikiria Wambui pale Kitengela. Ameketi mezani peke yake, anakula vizuri, anashiba, na anamshukuru Nashipai.