Elfu Arobaini kwa Pumzi Nne za Tarumbeta

Jogoo wa pili hajawika Lisekese, wilayani Masasi, na Veridiana Vitalis ameshapaka majivu mikononi. Anayasugua taratibu, kidole kwa kidole, mpaka kwenye vifundo. Mbele yake moto umeshika. Korosho zinakaangika kwenye bati lililotobolewa, zikitema mafuta na moshi unaowasha macho.

"Bila majivu, mafuta haya yanakula ngozi," anasema, akirudi nyuma moshi unapogeuka. "Na hata kwa majivu, yanakula. Yanakula polepole tu."

Vidole vyake vinaonyesha hivyo. Ncha zake ni nyeusi, ngumu, zenye mipasuko midogo isiyopona. Ana miaka hamsini na miwili, na kwa miaka kumi na minane amekuwa mbanguaji wa korosho: kukaanga, kugonga ganda kwa kigogo cha mti, kutoa punje bila kuivunja. Punje nzima nyeupe humpatia shilingi mia nne kwa kilo. Vipande, nusu yake. Siku njema hufikisha kilo nne.

Lakini wanawake anaobangua nao hawamwiti mbanguaji. Wanamwita Mama Santuri.

"Huyu akioga kwa limau, ujue leo kuna dansi," anasema Esha, mwenzake wa miaka mingi, na wengine wanacheka. "Mumewe hakuwahi kuogewa limau. Limau ni la santuri!"

"Mume wangu alikuwa hachuniki, mama," anajibu Veridiana bila kuinua macho. "Santuri inachunika."

Ni kweli kuhusu limau. Veridiana hashiki santuri siku ya kazi. Husubiri Jumapili, baada ya ibada, anawe kwa majivu, kisha limau, kisha sabuni, ndipo afungue kasha. Humo mna santuri arobaini na sita, karibu zote za bendi za jazz, kama zilivyoitwa zamani hata zilipopiga rumba. Gramafoni yake ni ya betri sita, na kifuniko chake kimefungwa kwa kamba ya katani.

Zamani zilikuwa nyingi zaidi. Mwaka 1994, soko huria lilipokuwa limepamba moto na kila duka la Masasi linauza kaseti na redio mpya, alikuja mfanyabiashara na gunia. Alinunua santuri kuukuu kwa shilingi mia mbili kila moja. Veridiana alimuuzia thelathini na tatu, akanunua doti ya khanga na madaftari ya mwanawe Basil.

"Nilimwona mjinga," anasema. "Nikajisemea, huyu ananunua vyungu vilivyopasuka."

Alipogundua nani alikuwa mjinga, alianza kuzikusanya upya, moja moja: kwa mwalimu aliyestaafu kijijini Chidya, kwenye baa iliyofungwa, kwa mjane aliyeitumia kufunika mtungi. Moja aliipata kwa mia tano, nyingine kwa elfu. Sasa wanunuzi kutoka Dar es Salaam wanapita vijijini kama wanunuzi wa korosho, na santuri isiyo na mkwaruzo haikamatiki chini ya elfu tano hapohapo Masasi. Ikifika Dar, bei yake haisemeki mbele ya mbanguaji.

Hata hivyo, katika zote arobaini na sita, anayoitafuta haimo.

Santuri hiyo ilirekodiwa mwaka 1979 na Mbwemkuru Jazz, bendi iliyozunguka kusini yote kwa lori. Aliyepuliza tarumbeta ni Alfredi, kaka yake Veridiana. Katikati ya wimbo gitaa zinanyamaza na Alfredi anabaki peke yake. Si kwa muda mrefu. Veridiana hapimi kwa dakika.

"Anavuta pumzi mara nne," anasema. "Unamsikia kabisa. Hhh. Halafu tarumbeta. Hhh. Tena tarumbeta. Mara nne."

Mwaka 1982 lori la bendi lilipinduka. Alfredi alifariki, akamwacha binti wa miezi minane, Mabel. Mama yake alipoolewa tena, Mabel alibaki kwa shangazi yake, akakulia Lisekese katikati ya moshi wa korosho. Leo ni mwalimu wa chekechea. Jumamosi baada ya wiki mbili, kabla ya Majilio, ataolewa katika kanisa la Lulindi.

Mabel hajawahi kumsikia baba yake.

"Nilikuwa nasimuliwa tu," anasema Mabel, akichambua mchele mlangoni. "Shangazi aliniambia, ukikua, ukiwa na akili ya kusikiliza, nitakupigia. Aliogopa nitaikwaruza. Nilipokuwa na akili, santuri haikuwepo."

Veridiana anageuza korosho, anaangalia moto, kisha anasimulia mwenyewe, kwa sababu hapendi mwingine amsimulie.

Ilikuwa miaka mitano iliyopita. Mchwa walikuwa wameingia ndani, wakala mlango, wakaanza mguu wa kitanda. Kila mtu wa Masasi anajua dawa ya mchwa: mafuta ya ganda la korosho. Nguzo ikipakwa, inazeeka na mwenye nyumba. Veridiana anayo mafuta hayo bure, yanamtoka kazini kila siku. Akalipaka kasha la santuri nje na ndani, mara tatu, akalifunga, akaenda shambani kuokota korosho kwa miezi miwili ya joto.

"Nililipaka kwa upendo," anasema. "Hilo ndilo linaniuma. Nisingeipenda ile santuri, ningepaka nje tu."

Aliporudi, mchwa hawakugusa kasha. Lakini kwa joto la ndani mafuta yalikuwa yametoka kwenye mbao, yakapenya makaratasi, yakaganda kama gundi. Santuri kumi na moja zilishikana. Ya kwanza, iliyoegemea ubao, ilikuwa ya Alfredi. Aliisafisha kwa mafuta ya taa, ikazidi. Sindano ikiwekwa juu yake inateleza mpaka katikati bila kusema neno.

Hakumwambia Mabel kwa mwaka mzima.

Mwaka juzi, daraja la Rufiji lilipofunguliwa na mabasi kuanza kufika Dar kwa siku moja, Basil, anayefanya kazi dukani Kariakoo, alituma habari njema. Wazungu wamechapa upya santuri ya Mbwemkuru Jazz, Ulaya. Mpya kabisa, karatasi inang'aa. Ipo katika duka moja mjini. Bei, shilingi elfu kumi na nane.

Veridiana alibangua. Miezi minne baadaye alimpa dereva wa basi elfu kumi na nane kwenye bahasha. Bahasha ikarudi na jibu: zimeagizwa nyingine, sasa ni ishirini na saba. Akabangua tena. Zilipotimia, bei ilikuwa arobaini.

"Ni kama kumfukuza kuku aliyekwisha kukuona," anasema.

Esha anaingilia kutoka upande wa pili wa moto. "Korosho yetu si hivyohivyo? Inaondoka na ganda kwa bei ya kutupa, inapanda meli, inakwenda kubanguliwa kwa watu. Inarudi kwenye pakiti, ina picha, mbanguaji huwezi kuinunua!"

"Tofauti ni kwamba korosho hainiiti dada," anasema Veridiana.

Hadi Julai alikuwa na elfu thelathini na moja, zilizofungwa kwenye pindo la khanga. Kabla ya kumalizia, alimpigia Basil kwa simu ya jirani na kumwomba kitu kimoja: aende dukani, aombe kuisikiliza.

Basil alikwenda. Akapiga simu jioni.

"Mama, nzuri sana. Safi, haina hata mkwaruzo."

"Tarumbeta ipo?"

"Ipo."

"Na pumzi?"

Kesho yake Basil alirudi dukani, akasikiliza tena mpaka mwenye duka akamkasirikia. Pumzi hazikuwepo. Labda waliochapa waliziona uchafu, wakazisafisha pamoja na mikwaruzo.

"Nilikaa chini," anasema Veridiana. "Nikasema, basi kwa elfu arobaini nitanunua tarumbeta. Alfredi simnunui."

Ilibaki kutafuta santuri ya zamani, nayo Dar es Salaam ilikuwa imefika elfu tisini. Ndipo Esha, mzaliwa wa Newala, alipomkumbuka kaka yake, Mohamedi Dadi, mwenye mgahawa wa chai huko juu na santuri asizomruhusu mtu kugusa.

Mwezi Agosti, mikorosho ikitoa maua, Veridiana alipanda pikapu ya Newala. Gari lilipanda mlima kwa kunguruma, vumbi jekundu likiwafuata mpaka juu uwandani, ambako upepo ni baridi na maji yanauzwa kwa ndoo. Mohamedi, mzee wa miaka sitini na tatu, alikuwa akipuliza jiko.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai." Kisha akaona vidole vyake. "Esha amenieleza. Lakini mikono hiyo haitagusa kitu changu."

"Nimekuja na masikio, baba. Mikono nimeiacha Masasi."

Mohamedi alicheka mpaka akakohoa. Akaleta gramafoni, akafuta santuri kwa kitambaa, akaiweka. Wateja wawili waliacha kutafuna. Gitaa ziliponyamaza, Veridiana alihesabu kwa vidole vyake vyeusi, juu ya meza. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Wimbo ulipokwisha alifungua pindo la khanga, akaweka elfu thelathini na moja mezani, na kumweleza habari za Mabel.

Mohamedi alizisukuma fedha zirudi kwake. "Funga. Watu wa Dar walinipa laki moja, nikawapa chai wakaondoka."

"Nitaongeza, baba. Msimu ukianza nitaongeza."

"Husikii. Wewe ni mtu wa huku, si wa Dar. Kukiwa na shughuli ya unyago, ngoma unainunua? Unamtumia mwenye ngoma jogoo, unamwalika, anakuja na ngoma yake, anakula, anapiga, anarudi nayo. Zamani hizi gramafoni tulialikwa nazo hivyohivyo. Mimi nimelala vijiji vyote vya uwanda huu na sanduku hili kichwani." Akagonga kifuniko. "Haiuzwi. Ialike."

Wiki iliyofuata, jogoo mwekundu alipanda pikapu kwenda Newala, miguu imefungwa, akilalamika njia nzima.

Sasa matayarisho yamekaribia mwisho. Mohamedi atashuka Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, santuri ikiwa imezungushiwa blanketi. Mabel ataingia ukumbini tarumbeta inapoanza. Wamekubaliana atembee polepole, asimame kila pumzi. Betri sita mpya zimenunuliwa, na sita za akiba.

Ile elfu thelathini na moja ipo bado, imeongezeka. Mwakani, msimu ukiwa mzuri, Veridiana anataka kununua ile iliyochapwa upya Ulaya, ipate bei itakayopata. Si kwa ajili yake. Ni ya wajukuu, wajifunzie kuweka sindano, waikwaruze wanavyotaka. Kasha jipya ameshalichongesha kwa fundi, la mninga, ambao mchwa hawaupendi.

"Sipaki kitu," anasema. "Hata mafuta ya nazi."

Anamaliza kugonga korosho ya mwisho katika rundo la asubuhi, anaiangalia kwenye mwanga, nzima, nyeupe, anaiweka upande wake. Kisha anafuta mikono, anaingia ndani na kurudi ameshika kadi ya harusi kwa kipande cha karatasi, isichafuke. Jina la Mohamedi Dadi limeandikwa kwa wino wa bluu. Pale chini, panapotakiwa kuandikwa idadi ya waalikwa, pameandikwa wawili.

Mohamedi ni mjane, Esha anamkumbusha. Atakuja peke yake.

"Najua," anasema Veridiana. "Viti viwili. Chake na cha Alfredi."